Frasila za Pembe na Watu wa Ng'ambo

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Ujiji akutajie mhusika aliyeharibiwa na tamaa. Atakutajia Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili katika kitabu cha Shaaban Robert cha 1952, waliomtosa ndugu yao baharini kisha wakageuzwa manyani. Aliyesoma zaidi atamtaja Makbeth wa Scotland, ambaye S. S. Mushi alimleta kwetu kwa Kiswahili mwaka 1968. Nimefundisha fasihi mpaka nikastaafu, na majibu hayo nimeyapa alama zake kwa haki. Lakini mimi ni mtu wa Kasingirima. Kuna mhusika mwingine aliyepita katika mji huu kwa miguu yake, akaandika habari zake mwenyewe, kwa Kiswahili, na watoto wetu wanamaliza shule bila kumsoma. Nasema bila kusita kwamba kama tunataka kujua uchu wa mali na madaraka unavyomgeuza mtu, tusianze Scotland. Tuanze hapa pwani ya Ziwa Tanganyika.

Kitabu chenyewe ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Aliyemhimiza akiandike ni Mjerumani Heinrich Brode, wakati mzee amekwisha kurudi Zanzibar kupumzika. Hamed aliandika kwa hati za Kiarabu, Brode akageuza kwa hati za Kilatini, na maandishi yakatoka Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley akayatoa tena huku kwetu, Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa ambamo Mswahili anasimulia maisha yake mwenyewe toka ujana hadi uzee, na lugha yake ni ya kupendeza: sentensi fupi, zisizo na mapambo, za mtu aliyezoea kutoa amri na kupokea hesabu.

Kabla ya kumfikia yeye, msomaji aijue kwanza biashara iliyomlea. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia. Kilichowaleta ni pembe za ndovu, na nyuma ya pembe kulikuwa na deni. Mfanyabiashara hakutoka pwani na mali yake. Alikopa kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, ambao mkubwa wao alikuja kuwa Taria Topan: majora ya merikani na kaniki, shanga, masango ya shaba, baruti na bunduki. Vitu hivyo viliandikwa daftarini kwa bei ya juu kuliko ya dukani, na mkopaji akaahidi kurudi na pembe baada ya miaka miwili au mitatu. Wapagazi wakabeba. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kutoka Tabora hadi hapa, kila jora lilikuwa limepanda bei kwa hongo za njiani na chakula cha waliolibeba. Likifika Ujiji lilikuta soko lenye taratibu zake. Samaki, chumvi, mawese, mtama na watumwa, vyote vilinunuliwa kwa shanga za sofi, ndogo na nene kama vipande vya shina la kiko, na kulikuwa na watu kazi yao ni kubadilisha vitambaa kwa sofi asubuhi na sofi kwa vitambaa jioni.

Sasa angalia shida inapoanzia. Kadiri wakopaji walivyozidi kufika Ujiji, ndivyo pembe zilivyozidi kupanda bei Ujiji. Huko Ulaya na Marekani funguo za piano na mipira ya biliadi zilikuwa zinatengenezwa kwa pembe hizohizo, na viwanda vya Connecticut havikushiba. Aliyeleta kitambaa cha deni hadi ziwani aliona faida yake imeliwa na njia. Ama arudi pwani na aibu, ama avuke maji aende ambako bei haijafika. Vijana wakavuka.

Hamed alikuwa mmoja wao. Anasimulia kwamba alianza na safari ndogondogo za kununua sandarusi akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kisha kwenye miaka kumi na minane akafuatana na baba yake, Muhammed bin Juma, kwenda Unyamwezi. Baba akataka mali ipelekwe Ujiji mikononi mwa mtu mwingine, Hamed awe mfuasi tu. Kijana akakataa. Hakuweza kwenda chini ya amri ya mtu. Akabidhiwe yeye, au arudi. Akakabidhiwa. Ni tukio dogo, na mwandishi analipita haraka, lakini kila nikilisoma huwa nasimama hapo. Hakuna dhambi ndani yake. Kuna kijana mwenye kujiamini, mchapakazi, asiyetaka kudharauliwa. Wazazi wengi wangefurahi kuwa na mtoto wa namna hiyo. Alipofika Ujiji akaona pembe ni ghali, basi akavuka ziwa hadi Urua.

Turuke miaka kidogo, twende 1867, nchi ya Itahwa, kusini magharibi ya ziwa letu. Mtawala wake, Samu, alikuwa na sifa ya ukali na ghala zilizojaa pembe. Hamed alikwenda kwake. Kwa maneno yake yeye, Samu ndiye aliyeanza hila, akawaita ndani ya boma kisha mishale ikaruka, naye Hamed akapigwa. Bunduki zikajibu. Boma likaanguka, na baada ya vita msimulizi anaweka hesabu: frasila 1,950 za pembe. Kwa kuwa frasila moja ni karibu kilo 16, hiyo ni zaidi ya tani 30. Shaba nayo imehesabiwa. Watu waliotekwa siku ile wamo katika maelezo, lakini wamo kama sehemu ya mali, pamoja na wanyama. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Hatuambiwi nani alizibeba tani zile hadi pwani, wala wangapi walianguka njiani.

Hapo ndipo mabadiliko yalipotokea, na ndiyo maana nakipenda kitabu hiki hata kinaponiumiza. Makbeth anajua kwamba ameua. Damu anaiona mikononi na usingizi unamkimbia. Hamed halali vibaya hata usiku mmoja. Hakubadilika kwa ghafla, hakusikia wachawi, hakuna mke aliyemchochea. Alichokifanya ni kuacha kununua. Siku aliyotoka kwa Samu alikuwa amegundua kwamba bunduki inaleta kwa siku moja kile ambacho doti za merikani zingeleta kwa miaka, na deni la Zanzibar likalipika. Tangu hapo, kurasa za kupatana bei zinapungua na kurasa za vita zinaongezeka, na sauti ya msimulizi haibadiliki hata kidogo. Ni sauti ileile ya daftari. Msomaji ndiye anayeachwa atetemeke.

Kisha uchu wa mali ukazaa uchu wa utawala. Kwenye safari yake kubwa ya miaka ya 1870 alifika karibu na nchi ya Utetera, iliyotawaliwa na mzee Kasongo Rushie. Njiani alikuwa amesikia kisa cha wasichana wawili wa ukoo wa kitawala waliotekwa zamani wakapelekwa Urua wasionekane tena. Hamed akakitumia kisa hicho. Akatangaza kwamba mmoja wa wasichana wale alinunuliwa na babu yake wa upande wa mama, akazaa, na yeye ndiye mjukuu. Mzee Kasongo, ambaye hakuwa na hamu kubwa ya kitu kama kuuona tena uzao wa dada zake, akaamini. Akampokea kwa heshima zote na kumwachia madaraka. Kuanzia hapo pembe za Utetera hazikununuliwa wala hazikutekwa: zililetwa miguuni pake kama haki ya mtawala.

Nimesoma riwaya nyingi, na sijaona mahali ambapo uchu wa madaraka umechorwa kwa ukatili wa kimyakimya kama pale. Mtu alichukua kilio cha familia moja, kilio kilekile ambacho biashara yake na wenzake ilikuwa inakisababisha katika familia elfu nyingine, akakigeuza kuwa ngazi ya kupandia. Tena anakisimulia kwa fahari, kama mtu anayeeleza alivyoshinda mchezo wa bao.

Mimi siwezi kuusoma ukurasa huo kwa utulivu, na sababu ni ya nyumbani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema. Ukimwuliza kwao ni wapi, alinyoosha mkono upande wa jua kuchwa na kusema ng'ambo. Kijiji hakukitaja. Aliyeletwa Ujiji ni mamaake, akiwa bado mtoto, na mamaake huyo hakuwahi kusimulia ameletwaje. Hapa Ujiji nyumba za namna hiyo ni nyingi. Kuna waliokuja kama mateka, kuna waliokuja kama wapagazi na askari wa misafara, na kuna waliokuwa mateka kwanza kisha wakawa wapagazi, kisha wakapewa bunduki na kutumwa kuteka wengine. Baada ya kizazi kimoja wote wakajiita waungwana, wakajenga, wakasoma, wakaozana na Waha na Wabwari na Wagoma, na mji ukawa wao. Siwalaumu kwa kunyamaza. Sheria ya Waingereza ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitoka 1922 tu, na wakati huo bado kulikuwa na mtu mtaani ambaye angeweza kumwambia mwenzake baba yako alikuwa wa baba yangu. Kwa hiyo nikiona Hamed anajitungia bibi aliyetekwa ili apate pembe, nawakumbuka mabibi waliotekwa kweli, ambao wajukuu wao hawakurithishwa hata jina la kijiji.

Tamaa haikuwa ya wakubwa peke yao. Mwaka 1871 David Livingstone alirudi Ujiji akiwa amechoka na mgonjwa, akitumaini bidhaa alizoletewa kutoka pwani. Msimamizi wa bidhaa hizo aliitwa Sherif. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba kati ya yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga hakukuta kitu. Sherif alikuwa amefungua Msahafu kutafuta jibu la swali lake, akapata kwamba mzungu amekufa, basi akauza vyote kwa pembe na watumwa. Hata baada ya mwenyewe kutokea, alikwenda kumpa mkono. Mtu huyu hakuwa na jeshi wala boma, naye nimemfikiria sana. Alihitaji ruhusa, akaitafuta mahali patakatifu, na kwa kuwa aliyeuliza na aliyejibu walikuwa mtu mmoja, ruhusa ikapatikana.

Watalii wanaokuja Ujiji huonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka huohuo. Wachache huambiwa Livingstone alikuwa anatoka wapi. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya soko. Watu wa Dugumbe, tajiri wa msafara, walifyatua bunduki katikati ya wauzaji, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja na mihogo, vyungu na kuku. Waliokimbilia mtoni wakazama. Wenyewe wafanyabiashara walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wakati huohuo Mtagamoyo, mfanyabiashara mwingine, alikuwa ng'ambo ya mto akichoma vijiji. Hakuna pembe iliyopatikana kwa risasi zile. Lengo lilikuwa kuwaonyesha wenyeji nani mkubwa. Uchu wa madaraka ulikuwa umekwisha kujitenga na hesabu ya faida iliyouzaa, ukawa unakula hata soko lililowalisha wafanyabiashara wenyewe.

Na juu ya mla kuna mla mwenzake. Mwaka 1887 Hamed, bwana wa nchi yote ya Manyema huko ng'ambo, alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Anaueleza mshahara ule na anajua ni mdogo. Kijana aliyekataa kufuatana na bidhaa chini ya amri ya mtu akawa mtumishi wa mfalme ambaye hajawahi kukanyaga Kongo, na pembe zilizokuwa zinakuja Ujiji zikaanza kugeuzwa njia, zishuke mto kwenda Atlantiki. Mwaka 1890 Hamed aliondoka Stanley Falls kurudi pwani. Mwaka huohuo, Septemba, baharia mmoja wa Kipolandi aliifikia Stanley Falls kwa meli ya mto. Jina lake Joseph Conrad, na mwaka 1899 akachapisha hadithi ya Kurtz, wakala wa pembe aliyejifanya mungu mdogo huko juu mtoni. Dunia nzima inasomesha habari za Kurtz. Mimi naheshimu kazi ile, ila inanikera kwamba Waafrika wake hawana kauli, na kwamba msomaji hutoka akidhani msitu ndio uliomharibu mzungu. Sisi tulio upande huu wa ziwa tunajua ni daftari. Pembe za Kurtz na pembe za Hamed zilitoka katika bonde lilelile, na Hamed hakuhitaji giza la msitu ili awe alivyokuwa.

Aliyeielewa hesabu hii kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Abdulrazak Gurnah. Riwaya yake ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inaanza na deni. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kuwa rehani ya madeni ya baba yake. Aziz ni mpole, ananukia vizuri, hapandishi sauti. Ukatili wote amemwachia mnyapara wake, Mohammed Abdalla. Msafara unavuka ziwa hadi Marungu kwa mtawala Chatu, naye anawavamia usiku na kuwanyang'anya kila kitu. Ukidhani Chatu ni jambazi tu, sikiliza hoja yake: walikuja wengine kabla yenu wakatudhulumu, sasa nalipiza kwenu. Tamaa imepita mkono hadi mkono mpaka haijulikani nani aliyeianza, na anayebeba uzito wake ni mtoto ambaye hakukopa hata shanga moja.

Wataalamu wameonyesha kwamba safari ile Gurnah aliichota katika masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande, Mswahili wa pwani, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901 ndani ya Safari za Wasuaheli. Kwa hiyo riwaya iliyoandikwa Uingereza, na mwandishi aliyepata Nobeli mwaka 2021, ina mizizi katika Kiswahili cha wasafiri wa ziwa hili.

Shaaban Robert aliwapa Hasidi na Mwivu adhabu yao. Katika historia yetu adhabu haikuja kwa sura hiyo. Ujiji ilitawaliwa na Mwinyi Kheri, ambaye Sultani Barghash alimtambua kuwa gavana wake mwaka 1881, akafa 1885. Baada yake akatamba Mohammed bin Khalfan, ndiye Rumaliza, mshirika wa Hamed, hadi Wabelgiji walipomvunja mwaka 1894. Akakimbia. Washirika hao wawili, waliogawana nchi zenye ukubwa wa mataifa, walimalizia kwa kudaiana mahakamani, na sehemu za mwisho za Maisha zimejaa shauri hilo: nani alimkabidhi nani kitu gani, ushirika ulikuwa wa namna gani. Hamed alifariki nyumbani kwake Zanzibar Juni 1905. Nyumba ipo mpaka leo Shangani, na wageni hupiga picha mlango wake. Samu, Kasongo Rushie na wanawake wa Nyangwe hawana hata mlango.

Ninachokitaka nakisema wazi, na nimekisema katika kila kikao cha walimu nilichopata nafasi. Katika jumba la makumbusho la Ujiji kuna sanamu mbili, Livingstone na Stanley wanaamkiana. Sina ugomvi nazo, zibaki. Lakini ukuta wa pembeni wake uwekewe kurasa za Hamed na za Selemani bin Mwenye Chande, kwa Kiswahili chake kilekile cha zamani, ili mtoto wa Kasingirima azisome bila mkalimani. Chini yake iwekwe mizani, na mzigo wa frasila mbili aunyanyue mwenyewe, kilo 32, kisha aambiwe umbali wa kutoka hapa hadi Bagamoyo. Na walimu wa kidato cha tano waufundishe ukurasa wa Utetera pamoja na Makbeth, kwa juma moja, wanafunzi wabishane nani kati ya wale wawili aliyepotea zaidi: anayeona damu mikononi mwake, au asiyeiona.